Fisi na Walinzi Wanaosinzia

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mlango mwembamba na mgeni mnene. Kaeni vizuri.

Digidigi alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa njiti, ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Sasa, kila mtoto huzaliwa na walinzi wake, siafu, ndani ya ngozi. Siafu wa njiti ni wachache, tena wanasinzia. Maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito yenye rangi ya manjano, ndiyo huwaamsha.

Fisi alilijua hilo. Ndiyo maana hakukosa kumtembelea mzazi yeyote.

"Hodi, hodi. Mzazi, maziwa hayo ni usaha. Mwaga. Ndiyo mila yetu."

Mwaka uliopita Digidigi alimwaga. Mtoto hakufika arobaini. Fisi alijitolea kuzika, akazika peke yake, akarudi ameshiba.

Safari hii mkunga alikuwa Kindi. Digidigi alimwambia kwa machozi kwamba hana nguvu ya kuzika mwingine. Kindi akaanza kazi. Alimfunga mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akamnywesha maziwa yale tone kwa tone. Kisha akakoroga bizari ya manjano na maji kwenye kibuyu, akakaa nacho mlangoni.

"Hodi, hodi. Mmemwaga?"

"Tunamwaga, mzee." Mwaa!

Kesho yake tena.

"Hodi, hodi. Mmemwaga?"

"Tunamwaga, mzee." Mwaa!

Fisi akasifu sana malezi ya nyumba ile. Siku iliyofuata Kindi akamnong'oneza kuwa mama amelala fofofo, basi aingie amwombee mtoto dua.

Fisi akaingia. Akanusa, fu-fu-fu. Akatoa ulimi.

Siafu wa mtoto mchanga hawajasoma. Hawajui adui kwa jina wala kwa ukoo. Wao huuma kwanza. Ng'a ulimi, ng'a pua, ng'a mdomo!

"Mlisema mmemwaga," Fisi akalalamika.

"Tulimwaga bizari, mzee."

Fisi akaondoka, kuchu, kuchu, kuchu. Arobaini ikafika. Digidigi akamtoa mwanawe nje, akamwonyesha jua, akalia tena, safari hii kwa furaha.

Ngano yangu imekauka kama kibuyu cha Kindi. Funzo lake ni kwamba kumdanganya mgeni ni tabia mbaya. Fisi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, akiwa mbali kidogo. Na wanaosema maziwa ya kwanza ni machafu tuwasikilize kwa adabu. Kisha tuwatazame meno.