Meneja Aliyefunga Geti

Wapendwa, kulikuwa na hospitali moja ya binafsi katika mji mdogo, nayo ilikuwa inadorora. Mwenye nayo, daktari mzuri asiyejua biashara, akaajiri meneja kutoka mbali. Nasema kweli, yule meneja alikuwa fundi. Kuta zikapakwa rangi, dawa hazikukosekana dirishani, foleni ikatembea, na wauguzi wakajifunza kusema "karibu" kabla ya kusema "kadi iko wapi?" Watu wakatoka vijiji vya mbali kumfuata yeye. Tumsifu mtu anapostahili.

Lakini jambo moja lilimkera. Mgonjwa mmoja analetwa na kijiji kizima. Mnacheka? Kwani wewe ulipolazwa tulikuja wangapi? Tulikuja na mabeseni, chupa za uji, mikeka, na kwaya juu yake. Meneja akaona hawa wanachafua sakafu, na uji wao unaua mgahawa wa hospitali. Akatoa amri: mgonjwa mmoja, mtu mmoja, na chakula kinunuliwe ndani. Wengine wote wakaishia getini.

Haukupita muda, kidole tumbo kikamshika meneja mwenyewe. Akapasuliwa palepale, akalazwa wodi ya wanaume. Sasa mniwie radhi, nitasema kama kilivyo: ukipasuliwa tumbo, hupewi hata uji mpaka utoe hewa. Hiyo hewa mnaijua. Muuguzi alipita asubuhi, akapita jioni: "Hewa imetoka?" Bado. Tumbo limevimba kama ngoma, na daktari ameanza kusema huenda akapasuliwa tena. Meneja akaogopa kufa. Na ndugu wa kumshika mkono hana, wote wako kwao mbali.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwashi aliyevunjika mguu. Mkewe, ndiye yule mtu mmoja aliyeruhusiwa, akamgeukia meneja.

"Pole, baba. Hewa imetoka?"

"Bado, mama."

"Itatoka tu. Wenzangu huko getini wamenituma nikuulize. Wanakuombea."

Meneja akajifunika shuka mpaka kichwani. Watu aliowazuia wamesimama juani wanaliombea tumbo lake. Je, wangejua ni tumbo la nani?

Kesho yake mchana, ikatoka. Wala haikutoka kwa siri, wodi nzima ilisikia. Yule mama akakimbilia getini kupeleka habari, na vigelegele vya huko vikasikika hadi mgahawani. Akarudi na chupa ya uji ameibana chini ya kanga, akammiminia kwenye kifuniko.

Meneja akashindwa kunywa. Machozi yakamtoka. "Mama, sina budi nikwambie. Lile geti nililifunga mimi."

"Tunajua," akasema yule mama. "Mlinzi alituambia tangu siku uliyolazwa. Kunywa, unapoa."

Tangu siku aliyolazwa, wapendwa. Walijua, wakaomba. Walijua, wakakoroga uji.

Geti lilifunguliwa siku ileile, hilo halihitaji mhubiri. Mimi nawastaajabia wale akina mama. Sisi tunaombea watu wetu, tena kwa sauti kubwa. Lakini yupo kati yetu aliyemwombea bosi aliyemwachisha kazi? Shemeji aliyemsema vibaya msibani? Jirani aliyesogeza mpaka wa shamba? Au tukisikia amelazwa tunasema "Mungu si Athumani," tunavuta sahani tunaendelea kula? Bwana wetu alituagiza tuwaombee wanaotuudhi. Hakusema tusubiri kwanza watuombe radhi.

Huyo mtu wako unamjua. Jina lake limeshakujia hapo ulipokaa, na wengine naona mmeinamisha vichwa. Saa za kuona wagonjwa leo zinaanza saa kumi. Nafunga ibada mapema, asiwepo wa kusema mchungaji alimchelewesha.