Gavana na Mama Yake

Ndugu zangu, kulikuwa na nchi moja changa, bendera yake haijapauka hata rangi. Ikataka fedha yake yenyewe, ikafungua benki yake, na gavana wa kwanza akawa mtoto wa wafugaji, msomi, mtu mwaminifu. Kila noti ilibeba sahihi yake, kuthibitisha kwamba nyuma ya karatasi ile kuna mali: pamba, kahawa na dhahabu kidogo iliyofungiwa.

Kijijini kwao watu walisita. Mali waliyoijua ilikuwa na kwato. Basi mama yake gavana, mjane, akauza ng'ombe wake wote sita hadharani, akapokea noti.

"Mwanangu hajawahi kunidanganya," alisema. "Mwenye shaka na karatasi hii aje anidai mimi."

Wakamwamini, nao wakauza.

Mwaka wa tatu waziri akamwita gavana ofisini. Mishahara ya askari ilikuwa imekwama, hazina imekauka.

"Chapisha nyingine," waziri akasema.

"Mheshimiwa, nyuma yake hakuna kitu."

"Nani atajua? Tia sahihi, mara hii tu."

Gavana aliwaza kujiuzulu. Kisha akawaza nyumba aliyopewa, na gari, na karo ya watoto. Alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena, akatia sahihi. Nani kati yetu hajui kwamba "mara hii tu" huzaa? Ikaja ya pili, ikaja ya tano, na kalamu haikuwekwa chini tena.

Mvua ikakosekana. Kibaba cha unga kilichouzwa noti moja kikafika noti arobaini, halafu wenye maduka wakazikataa kabisa. Gavana aliposikia njaa imeingia kwao, alipakia magunia matatu ya mahindi garini akaondoka. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia mama.

Dada yake alimpokea uani, kichwa amenyoa.

"Umechelewa, kaka. Tumemzika juzi."

"Njaa? Mbona kihenge chake kilijaa mtama? Nilikiona kwa macho yangu!"

"Kilijaa. Watu walikuja na noti zao, wakamkumbusha neno lake. Hakubishana na mtu. Aliwapimia mtama, pishi kwa pishi, akapokea karatasi zao. Nilimpigia magoti abakize kidogo. Akaniambia, 'Nikibakiza, nitakuwa nimewaibia.' Kihenge kilipokwisha, akaanza kugawa sahani yake mwenyewe."

Akamfungulia mlango wa chumba cha mama. Noti zilipangwa kutoka sakafuni hadi dirishani, zimefungwa kwa kamba za katani. Gavana hakuweza kuvuka kizingiti.

Wapendwa, benki ya nchi ile ilikuwa wapi? Mjini kulikuwa na jengo zuri lenye walinzi. Lakini aliyelipa ni nani?

Sisi hatuna noti za kutia sahihi. Tuna neno letu tu, na tunalitoa ovyo: tunaapa madhabahuni, tunawadhamini watu, tunawaambia wazazi "nitarudi." Tunadhani ahadi tusiyoitimiza hupotea hewani. Haipotei. Kuna mtu anailipa, na mara nyingi ni yule aliyetuamini kuliko wote. Analipa kimya kimya, wala hatumi ujumbe kutuambia.

Huyo mtu unaye. Ukitoka hapa leo, usipitie popote. Nenda ukamwangalie amekula nini.