Sengondo Aliyetambikiwa Angali Hai

Tulieni, jamani, nitaje jina ambalo halitajwi kwa mdomo mwepesi. Zamani za mababu wa mababu zetu, Vumbwe haijawa na soko wala njia, mlima huu ukiwa bado msitu wa nyani na ukungu, alizaliwa huko nchi ya chini Sengondo, mwana wa Mbonea, mjukuu wa Kizeri mfua vyuma. Sengondo Mbeba Jiwe, Sengondo Bega la Nyati, ambaye mlango wa nyumba yake ulipanuliwa ili mabega yapite. Mmenialika niwasimulie habari zake katika sherehe ya chama chenu, mkanivisha fulana yenye picha ya mzee ambaye hakuna aliyepata kumchora, na nawaona viongozi wamekaa pale mbele wamekunja mikono. Nawaogopa, sikatai. Lakini habari hii nilipewa na bibi yangu mzaa mama, siwezi kuisimulia nusu, na wewe unayenikonyeza nifupishe, acha.

Wazee wetu walipokimbia njaa na maadui, hawakuwa na cha kuchukua ila jiwe la tambiko, jiwe jeusi la ukubwa wa ndama. Sengondo alilibeba mgongoni mpaka wakafika kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya mlima huu, na hapo tope likammeza hadi kifuani. Ndugu zake wakapiga yowe, wakarudi mbio, kila mmoja na roho yake. Waliomvuta ni Watundwe, wavua kambare waliokuwa wakikaa humo kinamasini, walimfunga kamba za ukindu, wakavuta wanaume kwa wanawake, wakamtoa yeye na jiwe lake, wakamnywesha uji, kisha wakawaonyesha wazee wetu mlima, wakasema, “Sisi ni watu wa maji. Huko juu kaeni ninyi.” Sengondo akaoa kwao, binti aitwaye Nakiete, na siku jiwe lilipowekwa mahali pake akatangaza mbele ya wote: “Jiwe hili limefikishwa na mgongo wangu na mikono ya Watundwe. Atakayetaja mgongo asiache kutaja mikono!”

Vijana aliopanda nao wakawa Chama cha Ngao, walinzi wa mlima. Miaka ikapita, vita vikaisha, ngao zikaliwa na mchwa, na watu wakaanza kuwacheka wana-Ngao kwamba kazi yao ni kula nyama za sherehe tu. Ndipo uongozi ukamwangukia Kirumbe, mtoto wa mdogo wake Sengondo, mtu mwenye sauti tamu na macho yasiyopepesa. Ukame ukaingia, mashamba ya mlimani yakakauka, na kule chini kinamasi cha Watundwe kikabaki kijani kibichi. Siku ya mavuno, Kirumbe akawapaka watu wake tope hadi kifuani, akawaingiza uwanjani wakitembea polepole, akaimba kwamba Watundwe ndio waliomsukuma Sengondo topeni wamwibie jiwe, na Ngao ndio waliomwokoa. Wee! Watu walilia. Wasiokuwa wamezaliwa siku ile walilia kupita waliokuwapo. Na waliokuwapo waliipenda habari hii mpya, kwa sababu ndani yake wao hawakukimbia.

Tangu hapo chama kikafufuka. Vijana wakagombea kupakwa tope, na kila mavuno wimbo ukaongezwa ubeti, mpaka Sengondo mwenyewe, aliyekwisha kuwa mzee wa mkongojo, akiusikia hakumjua anayeimbwa. Mwanzoni alicheka. Kisha Nakiete akarudi kutoka kisimani na damu usoni, ameitwa muuaji na wanawake aliowazalisha watoto wao kwa mikono yake, na habari zikafika kwamba mavuno yale Ngao watashuka bondeni na mikuki. Sengondo akasema, “Siku hiyo nitasimama jiweni, niseme nilichokiona.”

Asubuhi ya mavuno Kirumbe akaja kwake, akapiga magoti kama impasavyo mtoto.

“Baba mkubwa, nakuomba leo ubaki nyumbani.”

“Watundwe ni wakwe zangu, Kirumbe. Ni wajomba wa wanangu. Mkiwaua, mtawaua kwa jina langu.”

“Wewe ulilibeba jiwe safari moja tu. Sisi tunakubeba wewe kila mwaka. Ukisema hayo, sisi tutakuwa nani?”

“Mtakuwa mlivyo.”

Kirumbe akamfuta mzee vumbi miguuni, akainuka, akaenda zake akilia, na alilia kweli.

Sasa mila yetu ilikuwa hivi. Marehemu akimwagiwa pombe na kuitwa jina, huja kunywa, na watu wote hugeuza migongo, maana amwonaye mzimu akinywa hapambazukiwi. Kirumbe akasimama jiweni, akatangaza kwamba Sengondo ameaga dunia alfajiri ile, akachota pombe kwa kata, akaimwaga, akamwita. Umati wote ukageuka. Na jua likiwa utosini, kwa njia ya kutoka kwake, Sengondo akatokea na mkongojo wake.

“Mimi ni mzima! Nitazameni!”

Mama waliwafumba watoto macho. Wanaume walifumba yao. Kirumbe, naye kageuza mgongo, akapaza sauti: “Mzee anasema tuwatazame adui zetu!”

“Watundwe waliniokoa!”

“Mzee anasema tuokoe wana wetu na Watundwe!”

Kila neno alilolitoa lilitoka kinywani mwa Kirumbe limekuwa mkuki. Akapita kati ya migongo ile akiwaita kwa majina, mpaka akamfikia Mshitu, rafiki yake waliyetahiriwa pamoja, akamwekea mkono begani. Mshitu akajikojolea. “Usinichukue, marehemu,” akasema. “Nina wajukuu.”

Hapo Sengondo, ambaye simba hakupata kumtisha, aliogopa. Aliogopa watu wake mwenyewe. Lakini alikumbuka jambo moja, kwamba mkuki wa Vumbwe hauendi vitani usipogusishwa jiwe lile. Akautupa mkongojo, akainama, akalikumbatia jiwe, na mifupa yake ilivyolia ilisikika uwanja mzima, akalipandisha mgongoni, akashuka nalo. Watu walizisikia zile nyayo nzito zikienda, na hakuna aliyethubutu kugeuka.

Alipofika kwa wakweze aliwaambia, “Ondokeni sasa hivi, na mama watoto wangu mchukueni.” Ngao walipoona jiwe halipo waliingiwa na kiwewe, wakahangaika mlima mzima wakitafuta jingine la kufanana nalo, wakalipata, Kirumbe akaapa kwamba ndilo lile lile, wakaligusisha mikuki yao. Waliposhuka bondeni, walikuta vibanda vitupu na uji ukitokota motoni. Nyayo za mtu aliyebeba mzigo mkubwa zilielekea katikati ya tope, zikizama zaidi na zaidi, na mbele hazikuwapo tena. Safari hii hapakuwa na mtu wa kuvuta.

Watundwe hawakurudi hadi leo. Ngao walilima kinamasi mpaka kikafa, na wimbo wao mnaujua, mmeuimba hapa hapa kabla sijasimama. Mshitu ndiye aliyesema, siku anakata roho, na wanawake waliokuwa wakimwuguza walimziba mdomo wasisikie, wakasikia: “Ule mkono ulikuwa wa moto.”

Kwa hiyo sisi Wavumbwe, mtu akitangazwa amefariki, hata na mkuu gani, hatuangui kilio kwanza. Tunaingia alipolazwa, mmoja mmoja, tunamshika mkono. Wageni hutushangaa. Ni kwamba yupo mmoja tuliyemlilia bila kumshika, na huyo hatuna kaburi lake.