Mwalimu Aliyeulizia Ubaya wa Nyumba

Wana ukoo, salaam nyingi. Tangu Jumamosi simu yangu haipumui kwa picha za nyumba mnazorushiana humu. Mara geti hili, mara dari lile, mara "jamani tunaomba maoni". Haya, maoni yangu ndiyo haya hapa chini. Kisa hiki nililetewa na mtu ambaye naye aliletewa, kwa hiyo msianze kunihoji nani kakiandika. Someni mpaka mwisho, hasa wewe shemeji uliyelipenda geti kabla hujaingia ndani.

Kule Ruvuma, katika mji mmoja wa milima na kahawa, palikuwa na mwalimu mstaafu aitwaye Anselmo Kapinga. Alifundisha hesabu miaka thelathini na sita, na muda wote huo aliishi katika nyumba za shule. Alipostaafu alipewa kiinua mgongo chake na miezi mitatu ya kuhama. Mkewe Genoveva, ambaye mji mzima ulimwita Mama Otmari, alikuwa muuguzi na bado alikuwa na miaka minne kazini.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakumwambia mtu yeyote ila mkewe. Alikuwa na presha ya macho. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka kwamba matone yatachelewesha tu, hayataponya. Mwaka mmoja, pengine na nusu, Mwalimu atakuwa anaona mwanga peke yake, na baadaye hata huo utaondoka.

Kwa hiyo hawa hawakuwa wanatafuta nyumba ya kupigia picha. Walitafuta nyumba ambayo kipofu atashinda humo peke yake kutwa nzima, mkewe akiwa wodini. Na fedha ilitosha nyumba moja tu. Wakikosea, wamekosea.

Mama Otmari alikuwa na hofu mpaka usingizi ulimpaa. Alitaka ukuta mrefu, geti la chuma, na sakafu laini isiyo na pa kujikwaa. Simlaumu hata kidogo, mimi pia ningetaka hivyo hivyo.

Wakampata dalali mmoja, Menas, mtu wa viatu vilivyochongoka na maneno yasiyoisha. Menas akaja na bajaji ya rafiki yake, akawapakia, akawaambia leo wataona nyumba tatu na hawatarudi nyumbani bila kuchagua.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mpya kabisa. Marumaru chini, jipsamu juu, ukuta pande zote nne na nyaya za umeme juu yake.

"Mzee wangu, hii ukiiacha leo, kesho huikuti," Menas akasema. "Mama, njoo uone chumba cha masta!"

"Tazameni ninyi," Mwalimu akajibu. "Mimi napunga upepo nje."

Hakupunga upepo wowote. Alikwenda mpaka geti la jirani akagonga. Mbwa wakabweka weee, mwisho sauti ikatoka ndani.

"Nani?"

"Ni mpita njia. Nataka kununua nyumba hii ya pembeni yenu. Naomba kuuliza, ina ubaya gani?"

"Hatujui. Sisi tunakaa hapa tu."

"Mmekaa muda gani?"

"Miaka sita. Mwenyewe hayupo."

Geti halikufunguliwa. Mwalimu akashukuru, akarudi. Akamkuta mkewe anatoka kwenye ile nyumba na uso uliotulia kuliko alivyomwona kwa miezi mingi, maana alikuwa ameona bafu lenye vyuma vya kushikilia.

Nyumba ya pili ilikuwa katikati ya mtaa wenye watu, karibu na soko. Hapa Mwalimu hakuhitaji kugonga mlango, majirani walikuwa nje wamekaa kama wanaosubiri mgeni. Akawauliza swali lile lile.

"Ubaya? Nyumba hii haina ubaya hata mmoja!" akasema muuza chipsi.

"Haina ubaya, baba," akasema mama wa mbele.

"Maji masaa yote, umeme masaa yote, wezi hawaijui hii njia," akasema fundi cherehani. "Hata mende hawaingii humo."

"Hata mende?" Mwalimu akauliza.

"Hata mmoja!"

Jamani, mtu aliyeishi nyumba za serikali miaka thelathini na sita umwambie ipo nyumba isiyojua mende! Mwalimu akacheka peke yake mpaka kwenye bajaji.

Nyumba ya tatu Menas aliionyesha kwa kukamilisha hesabu tu. Ya matofali ya kuchoma, imekaa mteremkoni, bati limeanza kutu, haina ukuta wala geti. Menas na Mama Otmari wakaingia ndani. Mwalimu akaelekea kwa jirani, ambako palikuwa na uwanja uliofagiliwa vizuri na mwanamke wa makamo aliyekuwa anapepeta.

"Wee baba! Wee baba, maharage!"

Mwalimu akasimama ghafla. Alikuwa katikati ya turubai, maharage yamemjaa viatuni.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema, kwa kukosa la kusema.

"Milele amina. Lakini shuka kwanza kwenye maharage yangu."

Akajaribu kushuka, akaenda upande usiofaa. Mwanamke akaweka ungo chini, akamtazama vizuri.

"Baba, unisamehe nikuulize. Macho yako hayaoni, eti?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Kanisani walimwona akipapasa benchi, wakageuzia nyuso pembeni kwa adabu. Wanafunzi wake wa zamani walimpungia mkono barabarani, na alipokosa kujibu wakasema Mwalimu siku hizi anaringa. Na yeye aliona bora aitwe mwenye maringo kuliko kuitwa kipofu.

"Hayaoni vizuri," akajibu. "Na yanaelekea kuisha kabisa." Maneno yalitoka mepesi mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

"Pole sana. Basi lete mkono nikutoe humu."

Akamtoa, akampa kigoda, akarudi kwenye ungo wake. Alijitambulisha kuwa anaitwa Winfrida. Mwalimu naye akajitambulisha, kisha akauliza swali lake.

"Nataka kununua nyumba hii ya jirani yako. Ina ubaya gani?"

Winfrida akaacha kupepeta. "Umeuliza kweli, Mwalimu, au unapitisha muda?"

"Nimeuliza kweli."

"Haya, sikiliza. Masika maji yanaingia chumba cha nyuma. Na si maji ya kupangusa, yanafika hapa." Akainama akamgusa Mwalimu juu ya kifundo cha mguu, ili aelewe. "Yanashuka kule juu, mtaro umeziba tangu mwaka juzi. Ukuta wa jikoni una ufa. Umezibwa wiki iliyopita, kanuse, utasikia rangi mbichi. Bati ni zima, choo ni kizima. Mengine ni uzee tu, kama wangu na wako."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Dismas, kaka yangu wa tumbo moja. Akijua nimesema haya, hatanisemesha mpaka Krismasi."

Mwalimu akasogeza kigoda karibu. "Sasa kwa nini umesema?"

"Dismas akishauza anahamia Makambako kwa wanawe. Atakayebaki hapa na wewe ni nani? Si mimi? Mwezi wa tatu maji yakiingia, asubuhi utapita hapo mlangoni pangu, na mimi nitakusalimia kwa uso gani?"

Menas alikuwa ametoka ndani na kuyasikia ya mwisho. Akashika kichwa.

"Mama Winfrida jamani! Mimi na wewe tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana niseme nyumba nzuri, unipe hela ya sukari," Winfrida akasema, akachukua ungo wake. "Sukari ninayo."

Mama Otmari naye akatoka, pua ameikunja kwa ile rangi mbichi. "Twende, Mwalimu. Hii hapana."

Wakaenda kwenye mgahawa, Mwalimu akimsimulia mkewe njiani yote ya Winfrida, maji, mtaro na ufa, wakaagiza chai na maandazi. Menas akaona hapa ndipo pa kufunga kazi.

"Haya wazee wangu. Mama ameipenda ya kwanza, nimemwona usoni. Mzee unasemaje?"

"Nanunua ya Dismas," Mwalimu akasema.

Menas alipaliwa na chai. Mama Otmari akaweka andazi chini taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mwalimu. Nyumba inayoingia maji? Umerogwa na yule mama wa maharage?"

"Sijarogwa."

"Basi nieleze, maana mimi nimeona bafu lenye vyuma vya kushikilia. Nimeona ukuta. Nimeona mahali ambapo nitakuacha asubuhi na moyo wangu ukatulia. Wewe umeona nini pale?"

Mwalimu akalisukuma pembeni bakuli la sukari ili amshike mkono.

"Mama Otmari, ile ya kwanza nikianguka bafuni saa nne asubuhi, nawe uko wodini, nani atajua? Yule jirani hata geti hakunifungulia, nami nilikuwa nimesimama wima. Ile ya pili, nyumba ikiwaka moto wale wataniambia ni joto la mchana tu."

Mama Otmari akacheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

"Mwakani mimi sitauona ufa," Mwalimu akaendelea. "Sitayaona maji yakipita chini ya mlango. Kila kitu nitakijua kwa kuambiwa. Sasa nikakae wapi, kama si karibu na mtu aliyeshindwa kunidanganya hata kwa faida ya kaka yake?"

Menas alikuwa ameshika kijiko hewani. Ndiyo kwanza alikuwa anafahamu kwamba mzee ambaye alikuwa akimsifia dari siku nzima haoni dari. Mama Otmari machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Mimi nilikuwa natafuta ukuta wa kukufichia," akasema.

"Najua. Na ningekaa nyuma yake nikisubiri urudi."

Mama Otmari akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Akanywa chai yake yote. Kisha akamgeukia Menas. "Ule mtaro unazibuliwa kwa siku ngapi?"

Dismas alipopigiwa simu alikuja mbio, na alipojua dada yake amesema nini alifoka mpaka watu wakatoka nje. Mwalimu akamwacha amalize.

"Bwana Dismas," akamwambia, "leo nimeona nyumba tatu. Hii yako ni ya mwisho kwa uzuri. Bila dada yako nisingekuuliza hata bei." Dismas akapunguza bei kiasi cha kutosha mtaro na mawe ya kuinulia kizingiti, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akatia sahihi. Akamnunia dada yake kweli mpaka Krismasi, siku ile akaja mwenyewe kula ubwabwa.

Mtaro ukazibuliwa kabla ya mvua. Masika yakaja, chumba cha nyuma kikalowa mara moja, kidogo, Mama Otmari akadeki yakaisha.

Na macho ya Mwalimu yakaisha pia, kama daktari alivyosema.

Asubuhi moja Mama Otmari alitoka zamu mapema. Alipokaribia nyumbani alimwona mumewe anatoka mlangoni na fimbo, peke yake, anakwenda dukani. Alitaka kukimbia akamshike, lakini akasikia sauti kutoka uwanja wa kwanza.

"Mwalimu, kulia kidogo, hapo kuna ndoo!"

Mwalimu akaenda kulia. Hatua chache mbele, sauti nyingine, ya mzee wa upande wa pili wa njia.

"Nyoosha hivyo hivyo, Mwalimu. Pikipiki inakuja, subiri. Haya, pita."

Mwalimu akapita, kichwa juu, anatembea kama mtu anayejua aendako. Ndipo Winfrida akachungulia kutoka jikoni kwake akapiga ukelele uliosikika mtaa mzima.

"Wee Mwalimu! Shati umeligeuza ndani nje! Rudi ukavae vizuri, usitutie aibu dukani!"

Mtaa ukacheka. Mwalimu naye akacheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, akaiokota, akageuka kurudi ndani kuvaa upya. Mama Otmari alibaki amesimama barabarani na mkoba wake wa kazini, akicheka na kulia kwa pamoja, na ile hofu aliyotembea nayo miaka miwili haikuwapo tena.

Haya, shemeji, umesoma. Kesho ukienda kuona ile nyumba ya geti, gonga kwanza mlango wa jirani. Na wengine mnaotafuta nyumba, au mnaomjua anayetafuta, mpelekeeni kabla hajalipa.

Funzo: Unapochagua nyumba usiulizie uzuri wake, ulizia ubaya wake, kisha mtazame vizuri anayekujibu; kwa maana nyumba yenye kasoro hutengenezwa na fundi, lakini jirani wa kukuambia kasoro hakuna fundi anayemjenga.