Ufunguo Kwenye Pindo la Kanga

Leo nianze na wivu, maana wengi wetu tumeingia nao humu kanisani tukauvalisha suti.

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchonga funguo. Ukimpa ufunguo wowote wa mtaa ule, alikuambia ni wa nani kabla hajavaa miwani. Jumatatu moja akaona mkewe amefunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Akauchukua, akautazama. Hakuuchonga yeye. Akaujaribu mlango wa mbele, wa jikoni, hata wa banda la kuku. Wapi.

Sasa nyie wanaume, ufunguo usiofungua mlango wako unafungua wa nani? Roho ilimuuma kweli kweli.

"Huu wa wapi?"

"Wa kikundi, baba watoto. Tumekatazwa kusema zaidi. Niamini."

"Kikundi chenu kina chumba?"

Akamkunja mkono hadi ukavimba, akaondoka na ufunguo. Na haikuwa mara ya kwanza kumuumiza, nisiwafiche.

Siku tatu alizunguka nao. Akaujaribu kwa muuza duka, kwa sababu muuza duka ana sura nzuri. Akaujaribu kwa mwalimu kapera. Mlango wa ofisi yangu mimi mchungaji wenu nao ukajaribiwa. Mzee Kaanaeli usicheke, hata wa kwako ulijaribiwa.

Alhamisi mkewe akatoka, mkono umefungwa kitambaa. Fundi akamfuata hadi nyumba moja ya jirani, akasukuma mlango. Akakuta wanawake kumi na watano mkekani, mwanamume hata wa dawa hakuna. Kati yao alikuwamo dada yake, tumbo moja, aliyemkimbia mume mpigaji mwaka juzi. Wakati ule fundi alimwambia, "Rudi kwako, ndoa ni kuvumilia." Dada hakurudi. Alipanga chumba, akanunua cherehani, na fundi hakujua pesa zilitoka wapi.

"Nionyesheni mlango wa ufunguo huu."

"Huo hapo, kaka," dada akasema, akamwonyesha sanduku la bati lenye kufuli tatu. Kila Alhamisi wananunua hisa, yaani akiba ya kikundi, na pesa wanaziweka humo, na funguo wanashika watu watatu ili asifungue mtu peke yake. Kufuli mbili zilikuwa wazi tayari.

Fundi akaona aibu, lakini moyo ukatulia, maana mwanamume hakuwepo. Na mikono ya fundi mnaijua. Akachutama, akautia ufunguo, akauzungusha. Kufuli ya tatu ikafunguka.

"Asante, kaka. Tulikuwa tumekwama," dada akasema. "Sanduku hili ndilo lililonitoa mimi. Leo mkeo ameomba kodi ya chumba ya miezi mitatu, na kikundi kimekubali."

Jioni ile mke na watoto walihamia chumba kile, fundi akabaki na funguo zote za nyumba, na nyumba haina mtu.

Naona wanaume mmesogea mbele, mnataka kujua kama mke alirudi. Siwaambii. Jiulizeni kwanza kwa nini aliondoka, maana mkono ulivimba kabla sanduku halijafunguliwa.

Sisi ndio tunaowaambia mabinti zetu wavumilie, na hatujawahi kuwauliza kama wana nauli. Mwanamke anayekaa kwa sababu hana pa kwenda, tunasema ametulia. Hajatulia, tumemfungia. Akinunua hisa mbili tunanuna, tunauliza nani kampa. Ndugu zangu, nyumba ya fundi ilivunjwa na mkono wa fundi. Hisa za mkewe zilimpa tu pa kulala. Kumbe mke mwenye akiba yake, akibaki na wewe, ujue amekuchagua. Hilo si la kuonea wivu, ni la kushukuru.

Ukifika nyumbani leo ukakuta ufunguo usioujua kwenye pindo la kanga, uache ulipo. Nawa mikono, ukae, mle.