Paa Lililozibwa Kote

Mtu mmoja alikuwa na nyumba iliyoezekwa kwa vigae vya mbao. Kila kigae kilichongwa na mwanawe wa pekee, Zefania. Zefania akaugua, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba ile.

Baba yake, Eliakimu, hakulia. Alikaa matangani macho makavu. Baada ya hapo, aliyemwita Baba Zefania hakuitikiwa, hata mkewe Nakijwa. Watu wakazoea kumwita Mzee.

Mwaka uliofuata vigae vikaanza kuvuja. Eliakimu hakuwa tayari kung'oa hata kimoja. Akamwita fundi Kiangi apige mabati juu ya vigae hivyo, ili kazi ya mwanawe ikae salama chini. Fundi akamshauri atangulize papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, pawe na nafasi kati ya vigae na bati, kisha aache uwazi upenuni na mwingine chini ya kofia ya paa kule kileleni, nyumba ipate kupumua.

"Ziba kote, fundi," Eliakimu akasema. "Sikukuita unihubirie."

Hakutaka upepo wala jicho la mtu lifike pale. Paa likazibwa kote.

Kipupwe kilipoingia, mvua ikakoma, lakini kila alfajiri maji yalidondoka kitandani. Eliakimu akapaka lami kila msumari. Maji yakazidi. Alivumilia vipupwe vitatu, ndipo akamwita fundi amlaumu.

Kiangi akapanda, akafungua bati, akashuka na kigae. Kikamomonyoka mkononi mwake kama mkate uliolowa.

"Bati halivuji, Mzee. Maji haya ni pumzi zenu wenyewe. Zilipanda, zikakosa njia ya kutoka, zikageuka maji kwenye bati la baridi."

Vigae vilikuwa vimeoza. Kimoja tu kilibaki kizima, cha pembeni kabisa, ambako, bila Eliakimu kujua, bati lilipungua upana wa kiganja na upepo ukapita. Alama ya shoka la Zefania bado ilionekana. Eliakimu akakishika muda mrefu, akipitisha kidole juu ya alama ile.

Nakijwa akasogea, akamwita taratibu, Baba Zefania. Naye akaitika. Akaketi chini uani akalia, mkewe akalia pamoja naye, na fundi akaendelea kung'oa mabati bila kuwatazama.

Ndugu zangu, sisi tulio na makaburi nyuma ya nyumba zetu, tulichokifunika ili kisipotee, je, tutakikuta kizima?