Gari Lililompigia Mama Magoti

Hapo zamani, lakini si zamani za wafalme. Ni zamani za juzi, simu zilipokuwa zimeshafika mlimani na lami bado. Upande wa mashariki wa Kilimanjaro, pale migomba inapoishia na msitu unapoanza, aliishi mjane aliyeitwa Anansia. Alikuwa na wana wawili. Wa kwanza, Apolinari, aliuza saruji Dar es Salaam. Wa pili, Gaudens, alikuwa fundi magari mwenye gereji pale Himo. Ndani ya nyumba ya mama aliishi pia Eligia, mke wa Apolinari, kwa kuwa huko kwao mume huenda mjini kutafuta, na mke hubaki kutunza migomba, mbuzi na mama mkwe.

Ikafika Krismasi, watu wa mlimani wakarudi nyumbani kama ilivyo kawaida yao, kila mmoja na gari lake. Apolinari akapanda na gari ambalo mlima haukuwa umewahi kuliona. Lilikuwa jeusi, kubwa, limeinuka juu ya magurudumu yake. Lilikuja kimya, watu wakaliona kabla hawajalisikia. Lilipofika uani kwa mama, Apolinari akazima injini, akabonyeza kitufe. Gari likatoa pumzi ndefu, likashuka taratibu, likapiga magoti.

Watoto waliokuwa wakirushiana maganda ya ndizi wakayaangusha. Mzee mmoja akavua kofia, kisha akaona aibu, akaivaa tena.

Gari lile halikukalia vyuma kama magari mengine. Lilikalia mifuko minne ya upepo. Upepo ukijaa, linasimama. Upepo ukipungua, linashuka kama ng'ombe anayejilaza. Bibi Anansia akalisogelea, akaweka kiganja kwenye boneti yenye joto.

"Limenisalimia," akasema. "Magari yote yanayokuja hapa hunitazama tu. Hili limenisalimia."

Gaudens alikuwa amesimama karibu naye. Aliyasikia maneno hayo, wala hakuyasahau.

Basi gari likaanza kula.

Likala oili ya aina yake peke yake, oili ambayo Himo haikuuzwa. Likala pedi za breki. Likala bima. Likala taa moja ya mbele iliyogongwa na pikipiki mjini, na bei ya taa ile ingenunua pikipiki yenyewe. Apolinari akauza kiwanja chake cha Kibaha, gari likakila kiwanja. Rafiki zake wakamwambia, "Liuze hilo, bwana. Unafuga simba kwa mshahara wa paka." Apolinari akakataa. Mama yake alikuwa amesalimiwa, naye hakuwa tayari kuja Krismasi moja na gari linalotazama tu.

Lakini alichoka. Akafikiri sana, akapata wazo lililomfurahisha. Akalipandisha gari mlimani, akaliingiza kwenye banda nyuma ya nyumba ya mama, akalifunika turubai.

"Mama Felista," akamwambia mkewe, "ufunguo huu hapa, lakini usiliguse. Kila likitembea linakula. Likisimama, halili. Mimi nitalitoa Krismasi hadi Krismasi."

"Sawa, Baba Felista," akasema Eligia.

Hapo ndipo Apolinari alipokosea. Gari la namna ile likisimama, hujila lenyewe. Betri hufa, mipira hukauka, panya huingia kutafuna nyaya. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Sasa Eligia alikuwa binti wa dereva wa lori la chama cha kahawa, na usukani aliujua tangu usichana wake. Siku ya gulio akatazama mikungu yake ya ndizi, akatazama mvua, akalitazama turubai. Akalivuta. Akatandika majani makavu ya mgomba juu ya viti vya ngozi, akapakia mikungu yake na ya jirani zake, na jirani zenyewe.

Mwanamke wa kwanza kupanda alisimama mlangoni. "Mama Felista, hapa ni pa kukaa au pa kusali?"

"Kaa. Ila ukichafua, utasali."

Wakateremka hadi sokoni. Baadaye walisema ilikuwa kama kubebwa na mtu anayekupenda. Wakalipa nauli, na nauli ile Eligia hakuigusa kwa jambo jingine. Alinunua dizeli safi, akaagiza oili ile ya aina yake kutoka Arusha. Gulio hadi gulio, gari likatoka, likarudi, likafunikwa. Betri haikufa. Mipira haikukauka. Panya hawakupata mahali pa kuzaa.

Krismasi ikafika. Apolinari akavuta turubai, akawasha, gari likaitika mara moja. Akalipiga turubai kofi la shukrani.

"Umeona? Kupumzika ndiyo dawa. Ila matairi yameisha, ajabu. Baridi ya mlimani inakula matairi."

"Inakula sana," akasema Eligia.

Apolinari akaweka matairi mapya manne, ya bei kubwa, yenye meno ya kushika tope. Watu walimcheka: gari la kulala bandani, la nini kulivika viatu vya vita? Akasema, "Mama anapanda humu Krismasi. Sitaki ateleze." Kila yalipoisha, aliweka mengine. Kwa matairi hakuwahi kubana mkono.

Kisha mifuko miwili ya upepo ya nyuma ikapasuka. Gari likalalia nyuma kama mlevi. Likashushwa Himo kwa Gaudens, na Apolinari akapiga simu kutoka Dar.

"Mdogo wangu, bei ya mifuko hiyo nimeisikia. Siwezi. Toa yote minne, weka springi za chuma. Pesa ya springi nimekutumia."

"Kaka, halitapiga magoti tena."

"Basi lisimame kama wenzake."

Gaudens akakaa kwenye benchi la gereji. Angeweza kufunga springi za chuma, na asingekuwa na lawama, maana alikuwa ameagizwa. Lakini alifikiri atamwambiaje mama yake kwamba gari limeacha kusalimia. Akauza mashine yake ya kuchomelea, akamuuza na ng'ombe wake mwenye mimba, akaongeza pesa ya kaka yake, akaagiza mifuko halisi. Tangu siku hiyo kazi za kuchomelea zilikwenda kwa jirani yake, na watoto wake walikunywa chai ya rangi.

Krismasi ile gari likafika uani, likatoa pumzi, likapiga magoti. Apolinari akamgeukia mdogo wake.

"Springi za chuma zinapiga magoti?"

"Nimezifundisha, kaka."

Apolinari akacheka. Hakuuliza zaidi. Wakati mwingine mtu haulizi kwa sababu anajua jibu litamgharimu.

Ikaja masika. Asubuhi moja Bibi Anansia alikwenda kukata majani ya mbuzi, akateleza kwenye ukingo wa mfereji, akaanguka. Nyonga ikavunjika. Wakambeba juu ya ubao wa kitanda hadi ukumbini. Mganga wa zahanati akaja, akamtundikia dripu, akampapasa, akatoka nje na uso mzito.

"Anavuja damu ndani," akasema. "Lazima afike hospitali ya bondeni mapema. Lakini mfupa uko karibu na mshipa mkubwa. Akitikiswa, mshipa utakatika. Akiinuliwa na kuinamishwa, utakatika."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama darajani, tope limefika milangoni. Wanaume wakasema wambebe kwa machela. Mganga akatazama njia ilivyokuwa ikitiririka, akasema, "Mtateleza."

Eligia akaenda bandani, simu ikiwa sikioni.

"Baba Felista, mama ameanguka. Naliwasha gari."

"Haliwezi kuwaka! Limelala tangu Krismasi!"

"Litawaka."

"Umejuaje?"

Eligia akaingiza ufunguo. Akawasha. Kule Dar, katikati ya mifuko ya saruji, Apolinari akausikia muungurumo kwenye simu, laini, usio na kikohozi, muungurumo wa gari lililotembea juzi. Akaelewa yote kwa mara moja: matairi, baridi ya mlimani, miaka yote. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Teremka kwa gia nzito. Usikanyage breki kwenye tope. Matairi yatashika. Yaamini."

Gari likaja hadi mlangoni. Likatoa pumzi, likashuka taratibu, likapiga magoti, na sakafu yake ya nyuma ikawa sawa na kizingiti cha nyumba. Hawakumwinua Bibi Anansia. Walimsukuma tu juu ya ubao wake, kama mkate unavyoingizwa tanurini. Kisha gari likasimama naye, polepole, na wote waliokuwepo wakasimama wima bila kuambiwa.

Wakateremka. Maji yalikata njia, na matairi yakashika. Mawe yalijitokeza, na mifuko ikayameza. Mganga, aliyekaa kando ya mgonjwa, hakuiondolea macho chupa ya dripu. Alisema baadaye kwamba ilining'inia imetulia kama picha ukutani. Wakapita darajani ubavuni mwa gari la wagonjwa. Wakafika bondeni. Wakaingia lango la hospitali, wauguzi wakafungua mlango wa nyuma.

Bibi Anansia akafumbua macho.

"Tutaondoka saa ngapi?" akauliza.

Hakufa. Alikaa wodini muda mrefu, akarudi na mkongojo. Ikafika Krismasi. Mbuzi akachinjwa nyuma ya nyumba, nyama ikagawiwa kwa utaratibu wa ukoo, kila kiungo na mwenyewe.

Na ukoo ule una desturi hii: mama aliyerudishiwa uhai humpa mmoja tu kati ya wanawe na wakamwana wake kidari cha mbuzi. Hukitoa mara moja maishani. Aliyepewa ndiye atakayeitwa kwanza siku yake ya mwisho, akae kichwani pake, amshike mkono, amfumbe macho. Wengine hukaa miguuni.

Mzee Ladislaus, shemeji yake, aliyekuwa akigawa nyama, akamwekea Bibi Anansia kidari juu ya jani la mgomba. Eligia akasema kila kitu, ya gulio na ya nauli. Gaudens akasema ya ng'ombe. Kisha wakatazamana.

"Gari ni langu," akasema Apolinari. "Kiwanja changu kiko ndani yake. Kila mtu aliniambia niliuze, nikakataa kwa ajili ya mama. Na ni matairi yangu yaliyomshikilia pale juu. Bila mimi, shemeji yako angekuwa anaendesha nini, Gaudens? Turubai?"

"Bila mimi angeendesha chuma," akasema Gaudens. "Ungemtikisa mama kwa springi ulizoniagiza, kaka, na tungemzika Aprili. Uliona gari linapiga magoti, ukacheka. Hukuuliza ng'ombe wangu yuko wapi."

"Na bila mimi," akasema Eligia, "mngekuwa na jeneza zuri jeusi, lina matairi mapya na mifuko ya upepo, wala haliwaki."

"Ulinidanganya, Mama Felista. Miaka yote."

"Nilikudanganya. Na lingekuwa limekufa kama ningekutii."

"Shemeji," akasema Gaudens, "na ile mifuko ilipasuka yenyewe? Si mikungu yako ya ndizi? Ng'ombe wangu ameliwa na gulio lako."

Eligia akainamisha kichwa.

Mtu mmoja akapendekeza kidari kikatwe vipande vitatu. Mzee Ladislaus akakiondoa kisu. "Kikikatwa, ni nyama tu. Na kichwani pa mtu hapakai watu watatu."

Bibi Anansia akakiinua kidari kwa mikono miwili. Akamtazama aliyelipa kila kitu, na ambaye kama angetiiwa, mama asingekuwepo. Akamtazama aliyejivua riziki ya wanawe ili salamu isikatike, akanyamaza. Akamtazama aliyeachiwa ufunguo akavunja agizo, akalichosha gari na kuliweka hai kwa safari zilezile, na ambaye mkono wake ndio uliomteremsha.

Uani, gari lililokuwa limesimama tangu asubuhi likatoa pumzi ndefu, likashuka taratibu. Mama akaligeukia, akaliitikia kwa kichwa. Kisha akawarudia watatu wake. Hakuna aliyekula. Mvuke ulikuwa ukipungua juu ya jani.

Nami sijui alimnyooshea nani, kwa sababu aliyenisimulia alinyamaza papa hapa, kama ninavyonyamaza mimi. Ninyi mliosikia, kidari kiko mikononi mwenu, na nyama inapoa. Siku hiyo itakapofika, ni nani kati yao anayestahili kukaa kichwani pa mama?